Mara Tatu Nilimvusha Odhiambo Mpakani

Nyinyi vijana mnaofanya uajenti wa forodha pale mpakani Isebania siku hizi, nawaona. Mnaketi ndani ya ofisi yenye feni, mnabonyeza, mashine inatema karatasi iliyojazwa tayari, halafu jioni mnasema mmechoka. Sisi wa miaka ya tisini tulijaza kwa mkono, nakala sita na kaboni tano katikati. Ukibonyeza kalamu kidogo, nakala ya sita inatoka kama imeandikwa na kuku. Ukibonyeza sana, ya kwanza inatoboka. Katika mpaka wote, kutoka Muhuru hadi Isebania, nakala ya sita iliyosomeka ilikuwa yangu. Muulizeni yeyote aliyebaki.

Mimi naitwa Omollo. Niliishia darasa la tano, na silisemi hilo kwa aibu. Watu wa fomu ya nne walikuja kwa kibanda changu kujaziwa. Wakili mmoja wa Kisumu aliwahi kunipigia simu katika duka la jirani, akiniuliza maiti inahitaji karatasi ngapi kuvuka mpaka. Nilimwambia saba. Yeye alikuwa amehesabu nne. Na alikuwa ameenda chuo kikuu, tena kwa pesa za baba yake.

Nimeombwa niwaeleze kazi hii ilivyokuwa. Nitawaeleza, lakini msitegemee nianze mwanzo. Mwanzo nilikuwa mjinga, na ujinga wangu hauna faida kwenu ila kidogo.

Hicho kidogo ndicho hiki. Nilikuwa nikibeba mizigo kwa Bwana Salim, mfanyabiashara Mwislamu kutoka Mombasa aliyekuwa na duka la vitambaa na taa pale Migori mjini. Siku moja ajenti wake hakutokea, akanipa fomu nijaze. Mahali pa kuandika jina la mzigo, niliandika jina langu. Kwa muda wa siku mbili, kwa sheria za forodha, nilikuwa katoni arobaini za taa za karabai. Afisa alitaka kuniona nikifunguliwa.

Bwana Salim hakunipiga. Alinikalisha juu ya gunia, akanipa fomu nyingine.

"Soma kutoka chini, Omollo," akasema.

"Watu wote husoma kutoka juu, Bwana Salim."

"Ndiyo maana wanafungwa. Juu wameandika wanachotaka kwako. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, wameandika watakachokufunga nacho. Anza hapo, halafu panda."

La pili alilonifundisha: usiache nafasi wazi hata moja. Kama huna jibu, piga mstari, kwa sababu nafasi wazi ni mahali ambapo mtu mwingine ataandika. La tatu: jibu ulichoulizwa, usimsaidie afisa kufikiri. Kwa mambo hayo matatu nilijenga nyumba ya mawe, nikasomesha watoto watano, na nikanunua pikapu ambayo, nikiwa mkweli, ilikuwa ya tatu kwa uzuri katika Migori nzima. Ya kwanza na ya pili zilikuwa za serikali.

Mnapenda kusema sheria za kimataifa ni mambo ya watu wa suti, wako ng'ambo wanapeana mikono. Hapana. Sheria za kimataifa zilikuwa zinafika Isebania kila Jumanne kwa bahasha. Kulikuwa na wakati mtu akikamatwa na dola mfukoni anafungwa. Namjua mmoja, fundi wa saa, alikaa ndani kwa ajili ya noti mbili alizopewa na mtalii. Alipotoka, sheria ilikuwa imegeuka, na yule askari aliyemkamata alikuwa amestaafu na kufungua duka la kununua na kuuza dola. Fundi alienda kumuuliza bei. Walizungumza vizuri tu.

Hivyo hivyo na dhahabu. Pale Masara watu walikuwa wakichimba kwa mikono, wanasaga mawe, wanaosha kwa karai. Bei haikuamuliwa Masara. Mtu asiyejua Masara iko wapi alikohoa ng'ambo, na wiki iliyofuata vijana mia wa Masara walikosa chakula cha jioni. Wakati mmoja bei ilishuka na mashimo yakajaa maji kwa pamoja. Habari zikaja kwamba upande wa Tanzania dhahabu inaonekana kwa macho. Vijana wakafunga mifuko. Shida ikawa moja: huko leseni ya mchimbaji mdogo ilikuwa ya raia tu.

Sasa hapo ndipo walihitaji mtu kama mimi.

Sheria ilisema raia, nami nikawa natoa raia. Nilikuwa na mzee mmoja upande wa pili, kijijini karibu na Shirati, Mjaluo kama sisi. Mpaka ulichorwa na watu ambao hawakumuuliza mtu, ukakata ukoo mmoja vipande viwili, hata ng'ombe wana mashemeji kotekote. Huyo mzee aliitwa Okeyo. Mke wake alikuwa amekufa, mtoto hakupata. Nilikuwa nampelekea kijana, wanakula ugali pamoja, kesho yake mzee anakwenda mbele ya mwenyekiti wa kijiji na kusema, "Huyu ni mwanangu, alikuwa Kenya kwa mjomba." Mwenyekiti anaandika anachoambiwa. Mzee anapata kitu cha sabuni. Katika miaka mitatu Okeyo alipata watoto wa kiume kumi na mmoja, wote watu wazima, wote wachimbaji. Hata mimi nilimwambia apumzike.

Mmoja wa hao alikuwa Odhiambo kutoka Lambwe. Kijana mrefu, mpole, mwenye kucheka kabla hujamaliza mzaha. Hakuwa ameoa, alisema ataoa dhahabu ikitoka. Karatasi zake nilimjazia mimi mwenyewe. Jina: Odhiambo Okeyo. Baba: Okeyo. Nilipofika kwenye nafasi ya mama, nikatua kalamu.

"Mama yako yuko?" nikamuuliza.

"Yuko Lambwe. Anaitwa Dorsila. Anapanda mtama."

Mama aliye hai anaweza kuitwa kutoa ushahidi. Nikaandika: marehemu. Nakala sita, na ya sita ilisomeka.

"Umeandika nini?" Odhiambo akauliza.

"Nimefupisha," nikamwambia.

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumvusha. Alipita kwa miguu, na begi la kijani, akageuka akanipungia mkono. Nilisema moyoni, hiyo ni kazi safi.

Miaka minne ikapita. Asubuhi moja mama mmoja aliingia kwa kibanda changu, kitambaa cheupe kichwani, Biblia na kitabu cha nyimbo vikiwa vimefungwa pamoja kwa kamba ya katani. Wasabato wa Lambwe hutembea hivyo. Hakuketi.

"Wewe ndiye Omollo?"

"Ndiye mimi, mama. Karibu. Unavusha nini?"

"Uliwahi kumvusha mwanangu Odhiambo," akasema. "Amekufa huko. Malaria. Mrudishe."

Nilimwambia pole. Nikamwambia pia kwamba amefika mahali panapofaa, kwa sababu katika mpaka mzima hakuna aliyevusha maiti nyingi kuliko mimi, na hakuna hata moja iliyolalamika. Hakucheka. Nikamwahidi siku mbili.

Kijana, andika hili: maiti ina karatasi nyingi kuliko lori la saruji. Unahitaji cheti cha kifo. Unahitaji barua ya daktari kwamba si ugonjwa wa kuambukiza. Unahitaji barua ya aliyetia dawa mwilini, na nyingine ya fundi kwamba jeneza halivuji. Kuna kibali cha kutoa mwili nchi moja, kibali cha kuuingiza nchi nyingine, na kibali cha kuzika. Zote saba husimama juu ya kitu kimoja, nacho ni ombi la ndugu wa karibu. Bila ombi la ndugu wa karibu unaweza kuwa na karatasi mia na mwili usisogee hata hatua moja.

Tulienda na pikapu yangu hadi hospitali, upande wa pili. Karani wa pale alikuwa kijana mstaarabu, wa Kiswahili cha kunyoosha.

"Shikamoo mama. Pole sana kwa msiba. Wewe ni nani kwa marehemu?"

"Mama yake."

Karani akafungua jalada. Akasoma, akarudia. Akatuangalia kwa huruma.

"Mama, samahani. Mama yake marehemu alishafariki."

"Nani?"

"Mama yake."

"Mama yake ni mimi."

"Imeandikwa hapa. Tena kwa mwandiko mzuri sana."

Mama Dorsila hakumwangalia karani. Aliniangalia mimi. Nimeangaliwa na maafisa wa forodha, na polisi wa nchi mbili, na mama mkwe wangu. Lakini hivyo sijawahi kuangaliwa.

"Omollo," akasema. "Mimi nilikufa lini?"

Nilimweleza kwamba ilikuwa njia ya kufupisha. Nilieleza kwa ufundi, na kwa mara ya kwanza nikasikia jinsi ufundi huo unavyosikika ukiwa mbele ya mwenyewe. Karani alijikohoza. Akasema mwili unaweza kutolewa kwa ombi la baba tu, Mzee Okeyo, na kwamba Mzee Okeyo alikwisha kuja jana. Angeuchukua Alhamisi. Kwake walikuwa wakichimba kaburi.

Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

Sasa nyinyi mtasema, si ilikuwa karatasi tu? Hata mimi nilisema hivyo njia nzima. Nilimwambia Mama Dorsila huyo mzee ni mtu wangu, nitamwambia maneno mawili, atanyamaza. Tulipofika, boma lilikuwa na watu. Wanaume wanne walikuwa wameshafika kiunoni ndani ya shimo, na shimo lilikuwa upande wa kulia wa mlango wa nyumba, mahali hasa pa mwana wa mwenye boma. Mzee Okeyo alitoka akiwa amenyoa kichwa, kama baba aliyefiwa.

"Jaduong'," nikamwita kwa heshima, "tumekuja kuchukua mwili. Huyu ndiye mama wa kijana."

"Mama wa kijana alikufa," akasema Okeyo. "Wewe ndiye uliandika."

"Jaduong', tunajua sisi wawili ile ilikuwa karatasi."

"Ulisema nini siku ile, Omollo? Ulisema karatasi yako haiwezi kuvunjwa na jaji wala askofu. Nikakuamini. Sasa unataka niivunje kwa sababu umekuja na pikapu?"

Watu bomani wakaitikia. Nilifungua mdomo niongee juu ya sheria, na Mama Dorsila akanishika mkono.

"Wewe nyamaza," akasema. "Umeongea vya kutosha miaka minne iliyopita."

Nikanyamaza. Andikeni hilo pia, kwamba Omollo alinyamaza, maana wanaonijua hawataamini.

Mama Dorsila alivuta kigoda mwenyewe, akaketi mbele ya yule mzee. Kwa Dholuo wakaanza kuongea polepole, kama watu wanaopimana kabla ya kuuziana ng'ombe.

"Alikuwa anakula nini kwako?"

"Omena. Kila kisamaki alikuwa anakitoa kichwa kwanza."

"Hata kwangu. Nilimpiga mpaka nikachoka."

"Mimi sikumpiga. Vichwa nilikula mimi."

Halafu Okeyo akasema, "Wale kumi wengine, huyu Omollo aliwaleta, wakala, wakaandikwa, wakaenda. Sijui hata sura zao. Huyu alirudi. Jumapili ya kwanza na sukari. Ya pili na dawa ya mgongo. Nikamwambia, kijana, karatasi imekwisha, huna deni. Akasema, si wewe ni baba? Kila Jumapili. Mimi ningekufa nani angenizika? Yeye ndiye angenizika. Sasa ni mimi."

Mama Dorsila akainua macho, akaona paa. Nami nikaliona, nikatamani ningekuwa katoni za taa tena. Nyumba ya mzee ilikuwa imeezekwa kwa mabati mapya, yanayong'aa. Kule Lambwe mama huyu alikuwa akilala chini ya paa la nyasi.

"Hiyo ilikuwa kazi ya nani?"

"Yake."

"Mabati mangapi?"

"Kumi na nane."

"Mimi alinitumia barua," akasema. "Alisema dhahabu haijatoka."

Hakulia. Alifungua kamba ya Biblia, akaifunga tena. Hata wachimba kaburi waliacha kuchimba. Kama angesimama na kuondoka wakati ule, Odhiambo angezikwa Shirati, na mimi nisingekuwa na la kumwambia mtu yeyote maishani.

Mzee Okeyo akajikuna kichwa chake kilichonyolewa. "Mama," akasema, na hiyo ndiyo mara ya kwanza alimwita hivyo, "ingia ndani uone."

Tuliingia. Ndani ya nyumba ile mwanga wa jua ulipenya juu kama kwenye chujio. Misumari mingine ilipigwa mara tatu, ikapinda, ikalazwa. Chini kulikuwa na sufuria, karai, kopo la rangi, na kikombe kimoja, kila kimoja mahali pake.

"Inavuja?" akauliza Mama Dorsila.

"Inavuja kila mahali. Nilimwambia tumwite fundi. Akasema hapana baba, hapa najifunza. Fundi anayeanza lazima aharibu paa moja. Akasema, nikishajua vizuri nitaenda kuezeka ya mama."

Mama Dorsila alitazama ile misumari kwa muda mrefu. Halafu akaanza kucheka. Alicheka hadi akashika ukuta, na mzee akacheka naye, na mimi nikatoka nje kwa sababu ya jua lililoniingia machoni.

Walipotoka walikuwa wamekwisha kukata shauri, bila ajenti. Mwili utaenda Lambwe, kwa simba yake, kile kibanda cha kijana asiyeoa alichokijenga mwenyewe, kwa sababu mtu hazikwi mbali na nyumba yake. Okeyo atausindikiza kama baba. Na shimo la Shirati halitafukiwa tupu, maana wote bomani walijua shimo tupu litaita mwingine. Mama Dorsila atatoa yago.

Kwa mtu asiye wa kwetu nieleze. Yago ni tunda la mwegea, refu kama mkono wa mtu mzima na zito kama mtoto. Mtu akipotea ziwani au vitani na mwili usipatikane, tunazika yago mahali pake, kwa heshima zote. Mzee mmoja pale bomani alipinga. "Yago ni ya mwili usiopatikana. Huu umepatikana."

"Kwangu umepatikana," Mama Dorsila akamjibu. "Kwa huyu haukupatikana."

Yule mzee akarudi kuketi kivulini.

Ikabaki sheria. Ili mwili utolewe kwenda Kenya, fomu iliuliza: marehemu ana uhusiano gani na nchi anakopelekwa? Jibu lilikuwa moja tu, mama yake anaishi huko, na mama huyo nilikuwa nimemuua kwa nakala sita. Ilibidi kwenda kwa hakimu kwa kiapo. Nilisoma fomu ya kiapo kutoka chini kama nilivyofundishwa. Chini kulikuwa na kifungo. Kalamu yangu ilisimama hewani. Ningeweza kusema nimesahau miwani nyumbani. Sikuwa na miwani. Mama Dorsila alikuwa ameketi benchini, kamba ya katani mkononi, hanitazami. Nikapanda hadi juu, nikaandika: "Mama aliyeandikwa marehemu yu hai. Aliyeandika vibaya ni mimi."

Hakimu alisoma. "Vibaya kwa bahati mbaya au kwa makusudi?"

"Mheshimiwa, fomu haina nafasi ya hiyo."

"Mimi nina nafasi."

"Kwa makusudi, Mheshimiwa."

Kuhusu wale kumi wengine hakuniuliza, nami sikumsaidia kufikiri. Alimgeukia Mama Dorsila, akamtaka aape. Msabato akiapa, kijana, jua utasikia ukweli hata kama hauutaki. Nilianza kuhesabu vidole.

"Mama, huyu Mzee Okeyo ni baba wa marehemu?"

Mama Dorsila akafikiri. "Odhiambo alimwita baba," akasema.

"Nimeuliza kama ndiye baba."

"Na mimi nimejibu, Mheshimiwa. Mtoto ndiye anajua."

Hakimu alimtazama, akamtazama mzee mwenye kichwa kilichonyolewa, akachukua muhuri. Mimi nilitozwa faini, na nikaambiwa niwe upande wa Kenya kabla ya saa kumi na mbili jioni, nisionekane upande wa pili kwa miezi sita. Kuna watu Isebania wanaosema nilifukuzwa. Nilipumzika.

Basi siku mbili nilizoahidi zilikuwa tisa. Nilivuka saa tisa alasiri na jeneza nyuma ya pikapu, mama na mzee mbele. Hiyo ilikuwa mara ya pili kumvusha Odhiambo. Pale Rodi Kopany, njiani kwenda Lambwe, jamaa walikuwa wakingoja barabarani na matawi. Mjomba wake mmoja akachungulia dirishani.

"Dorsila, huyu mzee ni nani?"

"Baba wa Odhiambo."

"Baba wa Odhiambo tulimzika mwaka wa njaa!"

"Huyo ni mwingine. Sogea, gari lipite."

Tulimzika Lambwe Ijumaa, kabla jua halijatua na Sabato yao kuanza. Mzee Okeyo alisimama kwenye nafasi ya baba, na alipoitwa kusema, alisema tu kwamba paa linavuja.

Jumapili Mama Dorsila alikata yago karibu na boma lake. Nilimwambia, "Mama, miti hii iko Shirati, tena matunda yake ni makubwa kuliko haya. Tusijipe kazi."

"Ya huko si yangu," akasema. Akalivika tunda shati la Odhiambo la shule.

Nikawaleta hadi Isebania, Mama Dorsila, na Okeyo na mzigo wake. Hapo ndipo sheria ya kimataifa iliponingoja mara ya mwisho. Tunda halivuki mpaka bila cheti cha afya ya mimea, na cheti hicho kilitolewa mbali, kwa wiki tatu. Mimi mwenyewe sikuweza kuvuka. Nilikaa kibandani na fomu. Vijana, nilikuwa na majibu manne tayari: boga kavu, dawa ya ng'ombe, kuni, mapambo ya ukutani. Yote yangepita. Nimepitisha makubwa zaidi.

"Andika ukweli," akasema Mama Dorsila. "Mara hii nakuangalia."

Nikaandika. Mzigo: Odhiambo Okeyo. Idadi: mmoja. Thamani: nikapiga mstari. Anakokwenda: kwa baba yake. Nilipofika kwa nchi ya asili, nikasimama. Mimi, Omollo, niliyejibu kila nafasi kwa miaka, sikuwa na jibu. Kenya ilikuwa kweli, na Tanzania nilikuwa nimeitengeneza mwenyewe mpaka ikawa kweli. Hata mstari sikuweza kupiga. Nikaacha wazi.

Okeyo alitembea peke yake hadi kizuizi cha upande wa pili, amekumbatia lile shati. Sisi tulisimama huku. Niliona afisa akichukua fomu, akisoma. Nilimwona akifunua kola ya shati, akiifunika tena taratibu. Akauliza kitu. Mzee akajibu. Afisa akainama akaandika, akagonga muhuri, akainua kizuizi mwenyewe ingawa kulikuwa na pengo la kupita kwa miguu.

Hiyo ilikuwa mara ya tatu.

Nakala yangu ilirudi baada ya siku kadhaa, pamoja na nyingine. Ilikuwa ya sita, na ilisomeka. Kwenye nafasi niliyoiacha, nchi ya asili, afisa alikuwa ameandika alichojibiwa: "Kwa mama yake."

Nimewaletea karatasi hiyo muione, lakini msiishike kwa mikono yenye mafuta. Na nilipita juzi hapo kwenu nikamwomba mmoja wenu anionyeshe nafasi hiyo ya nchi ya asili kwenye kompyuta. Akabonyeza, ikateremka orodha ndefu ya nchi, zote ziko, hata ambazo sijawahi kuzisikia. Nikamwambia ashuke hadi chini kabisa. Akashuka hadi mwisho. Haikuwemo.